Msichana wa Jaladani

Mchoraji wa majalada hasomi vitabu anavyovichorea. Meneja humletea kikaratasi cha mistari miwili, naye huinamia meza, brashi ya akiba ikiwa katikati ya meno, akipangusa rangi kwenye goti lilelile la suruali mpaka limekakamaa. Hadithi ikiwa na uchawi, huchora joka, moto na msichana mwenye upanga. "Joka linauza," husema meneja. Naye huitikia, "Haya, bosi," bila kuinua macho.

Asubuhi moja mwandishi, mama wa makamo, aliingia na kitabu chake kipya, kingali kinanuka wino. Akakilaza mezani taratibu.

"Kaka, msichana wako anarukaruka na upanga. Wangu anatembelea magongo."

"Niliambiwa ni msichana shujaa, dada."

"Ni shujaa. Ni binti yangu. Alifariki akitarajia kujiona kwenye jalada."

Mchoraji aliitoa brashi mdomoni. Alimvutia mama kiti, akamwomba amsomee, na akasikiliza mpaka ukurasa wa mwisho, mikono yake miwili imetulia mapajani. Kisha akakivuta kitabu, akafunika upanga kwa rangi, akachora gongo la kwanza, halafu la pili, pole pole. Akachora na miguu upya, jinsi mama alivyomwelekeza.

"Vingine vimeshakwenda madukani, dada," alisema. "Sina uwezo navyo."

"Najua," mama alijibu, akikipuliza kikauke. "Hiki ni cha nyumbani."