Kila Mtu Alisema Atakwenda Handakini

Mume wangu alikuwa karani wa mizigo pale stesheni ya Changamwe. Mwaka ule wa vita, Wazungu walipoanza kuogopa kwamba ndege za Mjapani zitakuja kupiga matangi ya mafuta, walimteua awe msimamizi wa tahadhari wa mtaa wetu. Akapewa kofia ya chuma na kitambaa cha kufunga mkononi. Mavyaa wangu, yaani mama yake, ambaye tulikuwa tukiishi naye, aliigonga ile kofia kwa kidole akauliza, "Na sisi wengine, vichwa vyetu si vichwa?"

Tulikuwa tumeoana hata mwaka haujatimia. Nilitoka kwetu Rabai nikaja kukaa katika nyumba ya udongo na makuti baina ya stesheni na barabara ya Magongo, na tayari nilikuwa na mimba changa ambayo hakuna aliyeijua ila mume wangu.

Handaki lilichimbwa nyuma ya nyumba zetu. Lakini Mzungu mkubwa wa tahadhari, ambaye kabla ya vita alikuwa mwalimu wa hesabu, hakutosheka na handaki. Alitaka kujua mapema nani atakimbilia wapi siku king'ora kitakapolia, na ni wapi watu watasongamana. Basi mume wangu akautengeneza mtaa wetu mzima barazani kwa mchanga. Viberiti vitupu vilikuwa nyumba, ukambaa wa ukindu ulikuwa barabara, na watu walikuwa korosho mbichi. Kila alasiri akitoka kazini alipita mlango kwa mlango akiuliza swali moja: "King'ora kikilia, utakwenda wapi?"

Kila mtu alimjibu, "Handakini, bwana karani." Naye akarudi barazani akasogeza korosho.

Siku moja nilichutama nikatazama kazi yake. Akanionyesha korosho yangu kando ya handaki, kisha akatoa punje ya choroko mfukoni akaiweka karibu nayo. "Na huyu mdogo wetu," akasema, akicheka.

Sikupenda. Niliona kama mtoto amekwisha kuingizwa katika jambo asilolijua. Niliiokota ile punje, nikaitupa uani kwa kuku.

Wawili tu ndio waliomsumbua. Wa kwanza alikuwa mama yake mwenyewe. "Mimi shimoni naingia mara moja tu," alisema, "tena nikiwa nimebebwa." Mume wangu akamwacha ndani ya kiberiti chake.

Wa pili alikuwa jirani yetu, mjane wa Kidigo kutoka Likoni, aliyekuwa akipika mahamri na kuyauza langoni mwa stesheni. Alikuwa na binti mmoja wa umri wa kung'oka meno, aliyesoma Kurani asubuhi katika chuo ng'ambo ya barabara ya Magongo. Nilikuwapo mume wangu alipomuuliza.

"Itategemea mwanangu yuko wapi," alisema, bila kuinua macho kwenye karai la mafuta.

"Mwanao ataletwa handakini na mwalimu wake. Nimekwisha kupatana naye. Wewe nenda moja kwa moja."

"Nimekusikia, bwana karani. Lakini waniuliza nitakwenda wapi, nami wallahi hata sijui siku hiyo nitakuwa nimesimama wapi."

Mume wangu alisubiri jibu jingine, hakulipata. Barazani alikaa na ile korosho mkononi kitambo. Mwisho akaiweka handakini pamoja na wenzake.

Majaribio yalifanywa Jumamosi alasiri, baada ya mpiga mbiu kutangaza tangu jana yake. King'ora kililia, tukaenda wote, wanawake wakicheka, watoto wakisukumana. Hata mjane alikuja akiwa amemshika bintiye mkono, maana Jumamosi alasiri hakukuwa na chuo. Mavyaa alibaki mlangoni kwake akitutazama. Mzungu aliangalia saa yake, akatikisa kichwa kwa furaha, akamwambia mume wangu, "Vizuri sana. Sasa tunawajua."

Baada ya hapo zikaanza habari. Maiti za mabaharia wa Kizungu zimeonekana ufuoni Shelly Beach, zimevimba. Aliyezileta habari hizo hakuziona yeye, ila alimjua aliyeziona. Mume wangu hakuzungumza habari za maiti, lakini yeye ndiye aliyekuwa akipokea mizigo, na wiki ile alipokea masanduku mengi ya wake wa Kizungu wa Nyali waliokuwa wakipelekwa bara kwa gari la moshi. Jambo hilo halikufichika. Wapagazi waliyabeba masanduku mchana, jioni mtaa mzima ukajua.

Watu wakaanza kuchunguzana. Ukimwona jirani anaanua nguo mapema, unajiuliza anafunga mizigo. "Waondoka?" "Nakuangalia wewe kwanza." Mama yangu aliniletea ujumbe kutoka Rabai nirudi upesi. Nilimwambia mume wangu.

"Mke wangu, nikikupeleka Rabai leo," alisema, "kesho mtaa wote uko stesheni na mabunda kichwani. Watasema karani amejua jambo."

"Na hujui jambo?"

"Najua waliloniambia."

Nilibaki. Sisemi nilikuwa shujaa. Nikiamua kwenda, nakumbuka kwamba kwetu hakuna zahanati, na mimba yangu ilikuwa ikinisumbua. Nikiamua kubaki, nayaona yale matangi ya mafuta kila nifunguapo dirisha. Nilikuwa nikifunga bunda langu asubuhi na kulifungua jioni.

King'ora kililia siku ambayo si Jumamosi, jua likiwa limepanda. Mume wangu alikuwa kazini stesheni, nami nilikuwa mferejini na wanawake wenzangu. Hakuna aliyetikisika. Tulitazamana tu, kila mmoja akingoja uso wa mwenzake umwambie la kufanya, na maji yakafurika kwenye debe yakatulowesha miguu.

Kisha akapita mwanamume mmoja juu ya baiskeli, anakanyaga kwa nguvu zake zote, kaelekea upande wa Miritini. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Yule anajua! Mfuateni!"

Tukamfuata. Watu walitoka majumbani, wakatuona tunakimbia, nao wakakimbia. Handaki lilikuwa karibu nasi mno. Niliuona udongo wake mwekundu nikaupita. Sikuwaza kwamba nimeamua jambo lolote. Niliona migongo mbele yangu, nikaenda ilikokwenda, mikono yangu yote miwili tumboni.

Pale kwenye njia panda nikakutana na mjane. Yeye alikuwa anakuja kinyume chetu, anatoka stesheni kuelekea barabarani, anaparamia watu, analiita jina la bintiye. Nilimshika mkono.

"Dada, rudi! Watoto wa chuo wako handakini!"

Akasimama. Akanitazama machoni. "Umewaona?"

Sikuwa nimewaona. Nilijua tu kwamba ndivyo ilivyopangwa. Nikafungua mdomo, na kabla neno halijatoka alikwisha kuuchomoa mkono wake na kwenda.

Barabarani malori ya jeshi yalikuwa yakitoka upande wa uwanja wa ndege kwa kasi, yakitafuta miti ya kujificha. Sikuona lililotokea. Nilisikia honi, tena breki, kisha kishindo kidogo, kidogo sana, kama gunia lililoangushwa chini. Tuliokuwa karibu tuligeuka. Waliokuwa mbele waliendelea kukimbia.

Hakuna ndege iliyokuja. King'ora cha salama kilipolia, anga ilikuwa nyeupe vile vile, na kunguru walikuwa wamerudi juu ya makuti. Hatukuambiwa kilichowatisha Wazungu. Yule wa baiskeli mume wangu alimpata baadaye: alikuwa amechelewa kazini.

Nilikwenda handakini. Ndani walikuwamo watoto wa chuo wamekaa safu, na mwalimu wao amesimama kwenye kona akisoma dua. Katikati yao alikaa mavyaa, yeye peke yake mtu mzima wa mtaa wetu, na binti wa mjane amempakata.

"Niliwaona wanapita bila mwanamke hata mmoja," aliniambia, kama mtu anayejibu shutuma. Kisha akaniona uso. "Kuna nini?"

Sikuweza kusema mbele ya mtoto. Mavyaa akafahamu. Akamfunika yule binti kwa upande wa leso yake, akabaki naye mle chini mpaka wanaume walipokwisha kupita na kitanda. Tulimsikia mtoto akiuliza, "Mama yuko wapi? Mwalimu alisema atatukuta huku."

Mjane alizikwa siku ile ile. Kaka yake alivuka kutoka Likoni akawahi maziko, na baada ya matanga akamchukua mtoto.

Mzungu alikuja na kalamu yake. Alisimama juu ya ule mtaa wa mchanga akauliza kwa nini watu walimdanganya. Mume wangu alimjibu kwamba wale hawakuwa waongo. Mzungu akasema basi majaribio yaongezwe, mume wangu akasema, "Ndiyo, bwana," na akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Aliporudi alikaa kizingitini. Hakuvua viatu.

"Aliniambia hajui," alisema. "Aliniambia kinagaubaga, mbele yako. Nami sikuwa na mahali pa kumweka mtu asiyejua, nikamweka handakini."

Nilikaa kando yake. Baadaye, bila kunitazama, akasema, "Kesho panda gari la asubuhi. Nenda kwenu."

"Na mtaa?"

"Na waondoke wakitaka."

Wengi waliondoka kweli. Mavyaa alikataa katakata kunifuata. Alisema watoto wa chuo wamemzoea. Nilijifungua Rabai, salama, mikononi mwa mama yangu. Mume wangu alikuwa akija Jumapili moja moja, amekonda, akimbeba mtoto na kutazama upande wa pwani. Nikimuuliza turudi lini, alikuwa akisema, "Sijui," naye hapo awali hakuwa mtu wa kulisema neno hilo.

Nilirudi Changamwe mtoto akiwa ameanza kutambaa. Mabomu hayakuwa yameanguka, wala hayakuanguka mpaka vita vikaisha, ingawa siku ile hakuna aliyeweza kutuahidi hivyo. Nyumba ya mjane ilikuwa na wapangaji wapya kutoka bara, mume mfanyakazi wa bandarini, na mke na watoto. Jioni ya kwanza yule mke alikuja kunisalimu, mtoto mgongoni, Kiswahili chake bado kizito. Tulipokwisha kuamkiana akashusha sauti, akaniuliza kama mtaa huu ni salama.

Nilimwambia sijui, nikamkaribisha ndani, nikamtilia chai.