Vinundu Visivyo na Ubaya

Siku ya kwanza katika chumba cha kamera ya tumbo, Muuguzi Mkuu alinikabidhi ndoo mbili na mpira mrefu mweusi wenye taa nchani. "Huu una thamani kuliko mimi na wewe," akasema. "Ukiukunja vibaya, urudi kwenu Njombe." Nilikuwa nimetoka zahanati ya Mtunda, nilikozoea malaria na vidonda, na niliogopa kweli. Kazi yangu ikawa kuosha mpira ule, kumshika mgonjwa mkono na kuandika kadi za kurudi. Nilikuwa na mwandiko mzuri na kichwa kigumu, na vyote viwili nilijivunia.

Ninyi mnaoanza kazi mtakutana na hali moja isiyozungumzwa sana. Ndani ya utumbo mna tezi ndogondogo za kinga, kazi yake kupambana na vijidudu. Wakati mwingine zinaota kupita kiasi, ukuta wa utumbo ukajaa vinundu kama punje za mtama. Mara nyingi si kitu kibaya. Wengine wamekunywa maji yenye vijidudu, wakitibiwa vinanywea. Wengine kinga yao ni dhaifu. Lakini kwa wachache, saratani ya tezi hizohizo hujitokeza baadaye. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi aangaliwe.

Bi Mwanahawa alikuja Novemba kutoka Mbuchi, mkulima wa mpunga, amekonda kwa kuharisha. Daktari bingwa aliviona vinundu, akakata vipande vidogo vya nyama, vikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Majibu yakaja mazuri.

"Sio saratani, mama," daktari akamwambia. "Utameza dawa ya vijidudu, kisha urudi tukuchungulie tena, baada ya miezi minne hadi sita." Tarehe akaniachia mimi.

Nikaandika Mei.

"Sista, Mei niko juu ya dungu shambani, naamia ndege, nawafukuza wasile mpunga," Bi Mwanahawa akasema. "Nikiondoka siku mbili, mpunga wote umeliwa. Niandikie Machi, tafadhali."

"Nimeshaandika kwa wino, mama. Mpunga na uhai, kipi kikubwa?"

Akacheka kidogo, akachukua kadi yake. Machi ingefaa kabisa. Sikutaka kuichafua kadi, basi.

Mei hakuja. Alikuja Agosti, mavuno yakiwa ndani, ameshika tumbo. Safari hii majibu yalisema saratani ya tezi. Nilimuuliza daktari kama Machi tungeiona. "Labda, labda sivyo," akasema, akaendelea kunawa mikono. Sijapata jibu jingine mpaka leo, na linaniuma.

Tangu hapo sikuandika tarehe kabla ya kumuuliza mtu analima nini na anahamia shamba lini. Wenzangu wakanitania, wakaniita Bibi Shamba, na nimestaafu nikiitwa hivyo. Nasikia siku hizi tarehe zinatumwa kwa simu. Vizuri, ila ulizeni kwanza.

Bi Mwanahawa alipelekwa Dar es Salaam kutibiwa, na hakurudi hai. Asubuhi ya kuondoka nilimsindikiza mpaka kwenye gari la wagonjwa. Akanishika mkono.

"Nisamehe, sista," akasema. "Siku uliyoniandikia sikuja."

Nikamjibu, "Nimekusamehe, mama."