Niliwavua Majirani Vyandarua Nikampambia Bibi Harusi

Haya, nalisema mapema ili mnitukane mkapumzike: mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba nikawavua wanawake wa kijiji changu vyandarua vyao vya mbu, nikaenda kumpambia bibi harusi. Na hilo ndilo dogo. Kubwa linakuja.

Mimi ni mpambaji. Ukisikia kuna harusi huku nyuma ya Msambweni, jukwaa la bibi harusi nimelifanya mimi, na kama si mimi basi ni baya. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisemea, na Mungu anisamehe, nusu yake bado naiamini.

Mwaka huo mfungo mosi uliangukia masika. Mnatujua watu wa pwani, Ramadhani ikiisha kila mwenye binti anakimbilia kuozesha, mvua inyeshe isinyeshe. Jirani yangu Bi Mishi alikuwa anamwoza kitinda mimba wake kwa kijana wa Mombasa. Siku ya kupamba, ile sherehe yetu ya wanawake watupu, wageni wa Mombasa wangekuja na macho yao yote.

"Mwanangu, usiniaibishe," Bi Mishi aliniambia akinishika mkono. "Wale wamezoea vitambaa vya kumeremeta."

Vitambaa vya kumeremeta vinakodishwa Ukunda, na Bi Mishi hakuwa na uwezo huo. Mimi nilikuwa na mapazia mawili yaliyogugunwa na panya. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikajitupa kitandani, nikatazama juu. Juu kulikuwa na chandarua. Kipya, cheupe, kimetoka kugawiwa kijiji kizima kabla ya mvua. Jamani! Vitambaa vyeupe bure, nyumba baada ya nyumba, vinaning'inia juu ya watu wanaokoroma!

Kwetu harusi ni ya mtaa mzima. Sufuria ni la huyu, jamvi ni la yule, na kila kikombe kina alama ya rangi ya kucha chini yake ili kirudi kwa mwenyewe. Anayenyima kitu cha harusi atasemwa mpaka siku ya maziko yake, na hapo pia atasemwa. Kwa hiyo mimi sikuomba vyandarua, nilivikusanya tu. Nasimama mlangoni nasema, "Cha harusi ya Bi Mishi," na mama wa watu anapanda kitandani kufungua kamba.

Tulikuwa na mhudumu wa afya wa kijiji, Kassim, ambaye nilimpachika jina la Waziri wa Mbu. Alikuwa akipita na baiskeli yake kutuuliza kama tunalala ndani ya chandarua, uso ameukaza kama kadhi mbele ya talaka. Basi mke wa Waziri ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikabidhi cha kwake! Mumewe alipouliza, akamwambia amekifua. Na kwa kuwa kwenye kupamba mwanamume haingii, maskini hakuona kitu.

Sasa niwaambie habari za wifi yangu. Nitamwita Mejumaa. Ni mke wa kaka yangu, anayefanya kazi hotelini Diani na kurudi nyumbani siku zake za mapumziko. Walikuwa wamekaa miaka kwenye ndoa bila mtoto, wamemaliza madaktari, wamemaliza waganga, wamemaliza na sisi wenye midomo. Wakati huo Mejumaa alikuwa na mimba inayoonekana hata ndani ya buibui.

Nilipofika kwake alisita.

"Wifi, na mimi nitalalaje? Kliniki wameniambia nisikikose hata usiku mmoja."

"Mbu watakunywa nini kwako? Damu yote anaimaliza huyo mwanao. Siku mbili tu, wifi, nakurudishia."

Akacheka. Kisha akakifungua mwenyewe, akakikunja vizuri, akanipa. Angekataaje? Ukimnyima wifi yako kitu cha harusi, utaishi wapi?

Basi. Vile vyandarua vilikuwa na harufu ya dawa, na weupe wake ulikuwa na umanjano kidogo. Mimi na ulimbwende wangu tukaona haitoshi. Nikavitia kwenye maji moto, sabuni ya unga na jiki, nikavifikicha mpaka vidole vikachubuka. Nikavianika juani kutwa. Nikavitia wanga wa muhogo visimame, nikavifukiza udi. Kona nikazikata, nikafunga mafundo ya kupambia viti.

Lo! Jukwaa lilitoka. Bibi harusi alikaa katikati ya weupe ule na asumini kichwani, vigelegele havikatiki. Mgeni mmoja wa Mombasa akakishika kitambaa kwa ncha za vidole, akaniuliza nimekitoa wapi.

"Ng'ambo," nikamwambia.

Sikusema uongo, ile mifuko vilimokuja ilikuwa na maandishi ya Kizungu kitupu. Na wanawake wote wa kijiji waliokaa pale wakijipepea walijua wanatazama vitanda vyao wenyewe. Hakuna aliyefungua mdomo. Tulijiona wajanja kweli kweli.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Siku hiyo hiyo nilipata harusi nyingine mbili, na zile siku mbili nilizomwahidi wifi zikapita, na nyingine zikapita. Mvua inanyesha, madimbwi yamejaa, mbu wanaimba, na mimi niko Ukunda nagongomea vyandarua vya watu ukutani. Aliyeulizia chake nilimwambia mzigo bado uko kazini.

Mwisho nikavirudisha, chochote kwa yeyote. Vimekatwa kona, pini zimeacha matundu, na dawa yake yote ilibaki kwenye beseni langu. Na nilijua! Msiniambie sikujua. Kassim alishasema mpaka sauti ikamkauka kwamba chandarua kinafuliwa kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kinaanikwa kivulini, jiki na jua vinaua dawa. Nilimsikia vizuri. Nilidhani anapenda tu kusikia sauti yake.

Mejumaa alilitundika lile tambara nililompelekea, akalala ndani yake akijiona salama.

Homa ilipomshika, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema ni mimba tu, mtoto anageuka. Nilisema hivyo kwa sababu nilishalikumbuka lile beseni langu la jiki, na nilitaka iwe mimba tu. Kesho yake alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Tukampakia kwenye tuktuk, tukamkimbiza hospitali. Malaria, na damu imemwishia mwilini. Yeye walimwokoa. Mtoto alizaliwa hana uhai. Alikuwa wa kiume.

Mama yangu alikuwa akisubiri mjukuu. Mimi nikamletea majuto.

Kaka alifika wodini na sare yake ya hotelini, hata viatu hakubadilisha. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Akamshika mkewe mkono, wakalia. Kisha akamuuliza, "Kwani hukuwa ukilala ndani ya chandarua?"

Mejumaa akaniangalia kidogo tu.

"Nilikuwa nasahau kukishusha," akasema.

Na mimi nikanyamaza! Mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe. Naomba mnielewe, vyandarua nilivichukua kwa upumbavu, lakini pale wodini sikuwa mpumbavu. Nilijua ninachofanya. Niliona njia ya kupita, nikapita juu ya mgongo wa mwanamke aliyetoka kupoteza mtoto.

Tulipobaki wawili alinieleza kwa nini.

"Nyinyi mmetoka tumbo moja. Nikisema mimi, nitakuwa nimewagombanisha. Ukiona vyema utamwambia mwenyewe, wifi."

Sikuona vyema. Kila siku nilikuwa na sababu yangu. Leo kaka amechoka, leo kaka ana huzuni, leo kaka anaonekana ana furaha kidogo, kwa nini nimharibie? Mama naye akaanza. "Mwanamke gani huyu, chandarua tu kimemshinda kushusha, ataweza mtoto?" Akamsema uani, akamsema kisimani, akamsema mpaka msibani kwa watu. Kaka akapunguza kuja nyumbani. Mimi nimekaa pale pale, namenya muhogo, kimya.

Halafu siku moja Mama akanijia anang'aa. Amempatia kaka mke wa pili. Posa imeshapelekwa.

"Na jukwaa nataka lile lile la Bi Mishi," akaniambia. "Lile jeupe."

Nilicheka, wallahi, nilicheka mpaka Mama akaniuliza kama nimepandwa na shetani. Mejumaa hakuulizwa lolote. Alipopata habari alifunga nguo zake, akaniaga vizuri tu kwa adabu zake zile zile, akaenda kwao Majoreni.

Hapo ndipo nilipokwenda Diani. Nilimngojea kaka kwenye geti la wafanyakazi, akatoka ananuka vitunguu vya jikoni, akashtuka kuniona. Nikamsalimu shikamoo, akaitika. Ikawa marahaba yake ya mwisho kwangu.

"Kaka, Mejumaa hakusahau chandarua. Nilikichukua mimi, nikakipambia harusi, nikakiharibu, ndipo nikamrudishia. Akalala ndani yake kila usiku."

Wenzake wanapita wanatusalimia.

"Na pale wodini yeye alijua?"

"Alijua."

"Na wewe ukakaa ukimsikiliza Mama."

Kaka aliketi pale pale kwenye ukingo wa barabara na sare yake nyeupe.

Posa aliivunja siku ile ile, Mama akalia kama amefiwa. Kisha akaenda Majoreni kumfuata mkewe. Sote tulidhani atarudi naye, mimi nilishafagia nyumba yao na kupiga deki. Alirudi peke yake. Alitueleza mara moja tu, amesimama mlangoni. Mejumaa alimkaribisha, akampa chai na mahamri, akamsikiliza mpaka mwisho. Ndipo akamwambia, "Dadako alikosa kwa kupenda sifa. Wewe umeishi nami miaka yote hiyo, unanijua nilivyo, na ukaamini neno moja nililolisema nikiwa na homa."

Talaka hajaomba. Kurudi hajarudi.

Nimepita tena nyumba kwa nyumba, safari hii kukiri. Nimetukanwa kwa Kidigo, kwa Kiswahili, na kwa mmoja aliyehamia kutoka bara nikatukanwa kwa lugha nisiyoijua, ila niliielewa. Na haki yao, kwa sababu watoto wao pia walishikwa na homa masika ile. Kassim nilimwendea mwisho. Ameniambia vyandarua vipya vikija, mimi nitapata baada ya mbuzi. Mkewe alikuwa pembeni, anatazama kuku.

Basi dada yangu unayesoma, ukiombwa chandarua kwa ajili ya harusi, kataa. Wakuite bahili, wakuite mchawi, wasije hata kwenye arubaini yako, wewe kataa. Sufuria toa, jamvi toa, kitanda chenyewe ukitaka toa, lakini chandarua kibaki juu ya kichwa cha mwanao. Usikitie jiki, usikianike juani, usikikate hata uzi. Harusi yenye jukwaa baya watu wataisengenya mpaka ije nyingine, basi, imekwisha.

Na wewe uliyekwisha kuharibu, kama mimi, sema siku ile ile. Usingoje aliyekustiri achoke. Mimi nilisema kweli yote, nikasema kwa mwenyewe, na bado Mejumaa yuko Majoreni, kaka anapika chai yake peke yake, na kila asubuhi akiwa nyumbani nampitia mlangoni nampa shikamoo yake. Haitiki.