Mji Alioutoa Riziki

Nakumbuka vizuri Desemba ile, mwanangu. Ilikuwa mwaka 2015 hivi, hapa hapa Beechmont, mtaa wetu wa Louisville, nami nilikuwa bado kijana wa kujituma. Nikitoka zamu ya ghalani, naenda shuleni kumsaidia mwalimu wa Kiingereza kuwafundisha watoto wetu waliotoka Kongo.

Kabla ya likizo ya Krismasi mwalimu alitaka darasa lisherehekee kwa michezo ya maneno. Alitundika taa za rangi, akaleta biskuti, akaniomba niongoze vitendawili. Desturi yetu unaijua: anayeshindwa kujibu anatoa mji, na aliyetega anasafiri kwenda huko kwa maneno, anakula na kutamba humo mpaka wote wacheke. Watoto wale wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, walitoa Chicago, Paris, Miami. Nami nilicheka nao, biskuti mdomoni.

Zamu ikamfikia Riziki, msichana mpole aliyekuja Louisville na bibi yake tu. Mama yake alibaki Uvira, na tangu tusikie habari za risasi upande ule, simu yake ilikuwa haipokelewi. Deo, mvulana wa maneno mengi aliyekulia kambini Kigoma, alimtegea, Riziki akashindwa. Wenzake wakapiga meza wakidai mji. Riziki akasema Uvira, kwa sauti ambayo nusura nisiisikie.

Nilitaka kuwazuia, lakini Deo alikuwa keshaanza safari. Amefika Uvira, amekula samaki wote, amefukuza watu, hakuna aliyebaki. Darasa likaangua kicheko. Nilipogeuka, kiti cha Riziki kilikuwa kitupu.

Mwanangu, usiombe kuijua hofu ile. Nje theluji, magari yanapita kasi, na koti la mtoto bado limetundikwa ukutani. Nilikimbia nikimwita, nikiwaza nitamwambia nini bibi yake. Tulimkuta kwenye kituo cha basi, meno yanagongana. Alisema anarudi nyumbani kupiga simu, kwa sababu ameutoa mji na mama yake yumo ndani.

Tukamrudisha darasani, na bibi yake tuliyemwita alipofika nilimwambia mchezo ule hautachezwa tena. Mwalimu naye, uso umempauka, alikuwa anazima taa zake moja moja. Bibi alimfunga mjukuu vifungo vya koti, kisha akatutazama kwa hasira, akatuuliza sababu kwa Kiswahili cha kwao.

"Bon, munazima taa juu ya nini? Mutoto alipoteza muji mbele ya watu. Arudishiwe mbele ya watu."

Tulirudi kwenye mchezo. Riziki alimtegea Deo nyumba isiyo na mlango. Kila mtoto wa kwetu anajua ni yai, na Deo alilijua jibu kabla hajajua kusoma. Alimtazama Riziki, akainamisha kichwa.

"Nimeshindwa," alisema. "Chukua Uvira yako."

Wote wakamgeukia wakingoja safari.

"Niko Uvira," Riziki akasema. "Mama iko anapika. Siko natoka."

Hakuna aliyecheka. Simu ya mama ilikaa muda mrefu bila kupokelewa, nami kila nilipomwona bibi mlangoni niliogopa amekuja kuniambia jambo baya. Lakini Riziki alirudi darasani kesho yake, akatega tena.

Sasa nasikia nawe umeombwa kuwaongoza watoto kwenye sherehe ya shule. Waongoze. Ila kwanza ujue kila mmoja amemwacha nani nyuma. Mmoja akiumia, usikimbilie kuzima taa kwa sababu wewe ndiye unayeogopa. Mrudishe pale pale alipoumia, ukae karibu naye, umpe nafasi ya kushinda. Na yule aliyemuumiza umpe naye nafasi ya kurekebisha, maana siku ile ni Deo aliyetuokoa.

Mungu akulindie watoto hao, mwanangu. Na kila mmoja atakapotaja kwao, awepo mtu huko wa kumfungulia mlango.