Kaa wa Chemchemi ya Mkolani

Mama yangu hakuchota maji kabla ya kuinua jiwe moja bapa kwenye chemchemi iliyo chini ya nyumba yetu, Mkolani. Akimkuta kaa chini yake, alisema, "Mwenye nyumba yupo," akalirudisha jiwe taratibu, ndipo akachota. Maji hayo tuliyanywa bila kuchemsha. Shule niliichoka darasa la sita, lakini jiwe lile sikuchoka kuliinua.

Baadaye nikaondoka. Nilifunga magunia ya dagaa Kirumba, nikashika spana Igoma, nikavuka ziwa kwenda Sengerema. Mara ya mwisho niliporudi, juu ya chemchemi palikuwa pamejaa nyumba mpya na vyoo vyake. Nilimkuta mama akipanda mlima na ndoo kichwani, akitoka bombani, magoti yamevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kuniona au kupumzisha viatu?"

"Mbona huchoti pale chini?"

"Mwenye nyumba kahama. Kama wewe."

Alicheka. Mimi sikucheka. Wiki hiyohiyo nilirudi Sengerema, kwenye kijito nilichokijua, nikakamata kaa watano, nikawaleta kwenye ndoo yenye majani mabichi. Niliwaweka chini ya jiwe bila kumwambia mtu. Nilidhani, kweli kabisa, kwamba kaa ndio wanaosafisha maji. Wakirudi wao, maji yatapona, na magoti ya mama yatapumzika.

Asubuhi, akienda bombani, mama alipita chemchemini akaliinua jiwe kwa mazoea tu. "Jamani, karudi! Na wageni kaleta!" Akakinga viganja, akanywa.

Alikunywa siku mbili. Ya tatu hakuweza kuinuka kitandani. Alikuwa anahara na kutapika. Mimi na majirani tulimkimbiza hospitali. Niliporudi kuchukua nguo zake nilipita chemchemini, nikainua jiwe. Kaa wawili walikuwa wameelea, matumbo juu. Wengine sikuwaona. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwahi kusafisha chochote. Waliishi pale zamani kwa sababu maji yalikuwa mazima, wakaondoka yalipoharibika, na mama alikuwa amewasoma vizuri mpaka nilipomwandikia uongo.

Wodini alinishika mkono. "Mwenye nyumba hajambo?"

"Hajambo, mama."

Hakurudi nyumbani.

Sijaondoka tena Mkolani. Maji nachota bombani. Lakini kila asubuhi nashuka kwanza, nainua jiwe, natazama matope, nalirudisha taratibu kama alivyofanya yeye.