Bosko, Mwanachama wa Dilala

Miaka ya kwanza ya Zaïre, pale mtaani kwetu Dilala, ukisikia kicheko unageuka kwanza kuona nani amecheka. Mimi niliishi hivyo. Jirani yangu Mulumba hakujali, ndiyo maana nilimhofia siku zote.

Alikuwa mzee mjane, mlinzi wa ghala la unga, na mdomo wake haukuwa na breki. Hakuwa na mtu ila mbwa wake mwekundu, Bosko, aliyezaliwa chini ya kitanda chake. Jumamosi sote tulitoka na majembe kwenda salongo, kusafisha mitaro bila malipo kama chama pekee cha nchi kilivyoamuru. Bosko alikuja pia. Alifukua panya mtaroni, na kusema kweli alimshinda shemeji yangu kwa kazi.

Kisha mtoto mmoja akaumwa na mbwa asiyejulikana. Kabongo, mkuu wa chama mtaani kwetu, akatangaza mbele ya bendera kwamba mbwa wote watapigwa risasi. Mulumba akanyoosha mkono.

— Tata Kabongo, si munasemaka kila mwenye kuzaliwa mu Zaïre ni membre wa parti, mwanachama? Bosko alizaliwa kwangu. Ku salongo anakuyaka. Bezi ba unga anabafukuzaka ku ghala. Sasa munamuua namna gani bila kumusikiliza?

Mtu mmoja akaanza kucheka, akageuza kikohozi. Kabongo alimkazia mzee macho. Niliona anavyopima: huyu ananidhihaki mimi, au anakidhihaki chama? Akikataa, amekana neno la chama. Akikubali, kesho mbuzi nao watadai. Mwisho akatabasamu, na tabasamu lile sikulipenda hata kidogo.

— Muzuri, citoyen. Umesema weye mwenyewe, ni membre. Basi membre anaheshimu drapeau, bendera yetu. Kila asubuhi tukiimba, ye analia. Anapinga nini? Akuye ku biro, ajieleze.

— Ajieleze na kinywa gani, tata?

— Na kile kile anapingia.

Wakamfunga Bosko kamba. Mulumba akawafuata hadi mlango wa ofisi, akazuiwa. Jioni alirudi na kamba tu. Wale wa bunduki hawakupita kamwe, eti risasi zilikosekana. Mbwa wengine wa Dilala, ambao hakuna aliyewahi kuwasemea popote, waliendelea kulala barabarani.

Miezi ikapita. Jumamosi moja Mulumba akaja salongo na kitoto cha mbwa ndani ya koti. Siku hizo alikuwa haongei tena. Kabongo akasimama mbele yake.

— Na huyu, citoyen? Alizaliwa wapi?

Nilijua alikozaliwa: nyuma ya jiko langu, mama yake ni mbwa wangu. Mulumba hakunitazama. Alikifunika kile kichwa kidogo kwa kiganja.

— Mi sijui, tata. Nilimuokota ku njia. Labda alivuka mupaka kule Dilolo, ni wa inchi ingine. Si wa hapa.

Nami, kabla sijaulizwa, nikaitikia:

— Ni kweli, tata. Si wa hapa.