Simu Kabla ya Kufika

Mpwa wangu, binti wa dada, anakwenda Ujerumani kusomea uuguzi. Niliporudi Somanda kwa likizo, alinikalisha barazani kwao akaniomba nimweleze sheria za kule ninakoishi, zile ambazo mwalimu wake wa Kijerumani hazigusi.

Nikamwambia. Ukipata nyumba, nenda ukajiandikishe ofisini haraka. Jumapili hutwangi, hupigi msumari, wala hutupi chupa kwenye pipa la chupa, jirani anataka kimya. Ukiambiwa saa nne, ni saa nne. Na kubwa kuliko zote, huendi kwa mtu bila kupiga simu. Siku za mwanzo nilimgongea mfanyakazi mwenzangu nikiwa na ndizi mkononi, kwa sababu tu nilimkumbuka. Alifungua mlango kidogo akauliza kuna tatizo gani. Nikasema hakuna. Tukabaki tumesimama, ndizi katikati yetu.

Mpwa wangu alicheka mpaka akajifuta macho.

"Sasa mjomba, ukimkumbuka mtu unafanyaje?"

"Unampigia, mnapanga siku."

"Halafu siku ikifika humkumbuki tena."

Nilicheka pia, lakini kicheko hakikufika mbali, kwa sababu wiki ileile nilikuwa nimetoka kumpigia shangazi yangu wa Ipililo. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Nilimuuliza kama Alhamisi atakuwa na nafasi, na saa ngapi itamfaa. Akauliza, "Nani amekufa?"

Nilimhakikishia kwamba wote wazima, lakini hakuniamini. Kwao anayeomba saa ya kuja ana habari ambayo hawezi kuisema kwenye simu. Alhamisi nilipofika, nilikuta majirani wamekaa uani, kina mama wamejifunga khanga, jiko la nje limewashwa na sufuria kubwa iko juu. Walipogundua kwamba hakuna msiba walicheka sana. Mzee mmoja akasema nimekuwa mkuu wa wilaya, natanguliza taarifa ya ziara.

Shangazi hakucheka. Alinitolea kiti chenye kitambaa cha kufuma, akachinja kuku, akaninawisha mikono mwenyewe. Nilipoinuka nikawanyweshe ng'ombe, akanizuia.

"Kaa. Mgeni hashiki fimbo."

Nikakaa. Wengine pale nyumbani walitumwa kuni, wengine maji, wakafokewa kwa kuchelewa. Mimi sikufokewa. Nimehamahama tangu nimalize kidato cha nne, Mwanza, Nairobi, kisha Ulaya, na kila nilipopanga chumba nilijiambia kwamba ipo nyumba moja duniani ambako mimi si mgeni. Siku ile nilikula kuku wa wageni kwenye nyumba hiyohiyo. Alikuwa mtamu, na sikummaliza.

Nilimsimulia mpwa wangu hayo yote pale barazani. Akauliza ninaondoka lini. Nikasema keshokutwa. Akachukua simu yangu mezani, akaizima, akanirudishia.

"Kesho nenda," akasema.

Kesho yake nilipanda basi hadi Maswa, kisha bodaboda. Njia nzima nilikuwa naogopa kile kiti. Kama angenitolea tena, sikujua ningerudi Ulaya nikiwa mtu wa wapi.

Nilimkuta shangazi chini ya ukuta wa jiko akimenya karanga.

"Mwadila," nilisema, salamu yetu ya mchana.

"Mwadila," akajibu bila kuinua uso, akaendelea kuniuliza habari za Somanda, za dada, za mvua, nami nikijibu kila moja nikiwa bado nimesimama. Salamu zilipoisha ndipo akanitazama.

"Hukupiga simu."

"Sikupiga."

Akatazama mlango wa nyumba, ndani kiliko kiti. Akarudi kwenye karanga zake.

"Ng'ombe hawajanywa," alisema. "Na usiwapitishe kwenye dengu za watu kama ulivyozoea. Sitaki kesi."

Fimbo ilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, palepale pa siku zote. Niliwatoa ng'ombe zizini nikawafuata kuelekea lambo, viatu vyangu vya Ulaya vikijaa vumbi. Ng'ombe walikuwa na kiu, walitaka kukimbia. Mimi nilikuwa nawazuia, waende polepole, ili njia isiishe.